Hatuahidi Nyangumi

Barua imeingia saa tatu kasoro, kabla sijamenya yai.
Mteja anadai fedha zake.
*Saa nne baharini, mimi na mke wangu,
na tulichoona ni maji. Maji tu.*
Analalama kama mtu aliyeuziwa gunia la mahindi
akafungua, akakuta magunzi.

Mimi ndiye niliyemuuzia.
Hapa hapa Moshi mjini, juu ya duka la vipuri,
mita mia nane na ushee kutoka usawa wa bahari
ambayo sijawahi kuigusa.
Nauza nyangumi kwa simu na kalenda:
Agosti wanapita na watoto wao,
Septemba bado, Novemba usithubutu.
Nauza pomboo. Nauza kasa anayetaga usiku.
Nauza jaketi la kuokolea, saizi zote,
na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi za sisimizi:
*Hatuahidi. Wanyama hawa hawana mwajiri.*

Sentensi ya pili niliiongeza mwenyewe.
Bosi hajawahi kusoma hadi chini.

Eliaichi, dereva wetu, yeye kafika.
Kampuni ilimpeleka Mafia, mafunzo ya siku tatu,
yeye, mtoto wa Uru,
aliyejifunzia kuogelea kwenye mfereji wa maji ya magoti.

"Nilitapika chai. Nikatapika chapati.
Nikabaki natapika jina la ubatizo.
Nahodha akazima mashine, akasema shii.
Nikatazama chini, sina nguvu ya kutazama kwingine,
na papa potwe akapita chini yetu.
Akapita.
Akapita, haishi."

Kichwa ulikiona?

"Sikuona kichwa, sikuona mkia.
Niliona madoa, madoa, madoa,
kama Uru umeme ukikatika
na wewe umelala chali juu ya majani ya ng'ombe."

Picha je?

"Kwa mikono ipi? Yote miwili imeshika shati la nahodha.
Nilimng'oa kifungo. Ninacho."

Anacho kweli. Kakifunga kwenye ufunguo wa gari,
na akiegesha, kabla ya kushuka,
hukisugua kidogo kwa kidole gumba.

Baba yangu alibeba mizigo ya wageni mlimani
miaka kumi na tisa.
Nao walikuwepo walioshuka wamenuna:
*tumeona mawingu, turudishiwe.*
Wengine wakarudishiwa.
Magoti ya baba hakuna aliyeyarudisha.

Nimeandika *Mpendwa mteja* mara nne, nikafuta mara nne.
Mchana umeme umekwenda, barua imebaki nusu,
nimefunga ofisi kwa kufuli.

Jioni, njia ya Kiboriloni, baada ya manyunyu,
nimesimama kununua parachichi.
Matatu buku, dada, chagua mwenyewe.
Nachagua, nabonyeza, narudisha,
wingu likapasuka upande wa Kibosho
na mgongo ukatoka.
Mweusi, mpana, umelowa,
na doa moja jeupe juu,
bila sauti, bila mtu kuuita.
Ulikaa juu kama wa kuvuta pumzi moja,
kisha ukazama.

Muuzaji alinipa chenji bila kugeuka.
Bodaboda ilipiga honi.
Simu yangu ilikuwa mfukoni, na huko ikabaki.
Nilikuwa nimeshika parachichi moja kwa mikono miwili,
nimelibonyeza hadi kidole kikaingia ndani.
Nimelilipia.

Asubuhi umeme umerudi.

*Mpendwa mteja,
nusu ya fedha zako zitafika ndani ya siku saba.
Nusu nyingine ni mafuta ya boti, na yamekwisha kuungua.
Nina swali, si la kiofisi,
unaweza usilijibu:
nahodha alipozima mashine
na nyote mkanyamaza,
hayo maji tu
yalikuwa ya rangi gani?*